Kidato cha Tatu wanawafundisha Darasa la Tano kutengeneza roboti, na sharti letu kubwa ni moja: mikono nyuma

MwalimuFizikia:

Habari za jioni wanajamvi.

Mimi ni msomaji wa siku nyingi wa jukwaa hili, leo naleta jambo ambalo limenishika moyo tangu mwanzoni mwa mwaka. Ni refu, mnivumilie.

Nafundisha fizikia sekondari ya kata hapa Morogoro. Ukivuka barabara kutoka getini kwetu unaingia shule ya msingi. Kila Jumamosi, saa 3 hadi saa 5 asubuhi, wanafunzi wangu sita wa Kidato cha Tatu wanavuka kwenda kuwafundisha watoto kumi na wawili wa Darasa la Tano kutengeneza roboti. Mimi na mwalimu mwenzangu wa msingi tunakaa nyuma ya darasa. Tunafungua mlango, tunaangalia usalama, na tunanyamaza. Hiyo ya kunyamaza imenishinda mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Tulichagua madarasa hayo mawili kwa sababu mwaka huo hawana mtihani wa taifa. Darasa la Nne wana upimaji, Kidato cha Pili wana upimaji, Kidato cha Nne hata usiwaguse.

Roboti yetu ni gari dogo. Lina mota mbili za njano zile zenye gia, ubao wa Arduino (kompyuta ndogo inayoamuru mota), moduli ya L298N ya kuendeshea mota, vihisi viwili vya kufuata mstari na betri. Vitu vya umeme tulinunua Kariakoo. Bodi la gari watoto wanatengeneza wenyewe kwa maboksi magumu na mbao nyembamba.

Magurudumu niliyonunua yalikuwa ya plastiki. Kwenye sakafu ya saruji yenye vumbi yakawa yanazunguka tu, gari limesimama. Wiki iliyofuata mtoto mmoja akaja na magurudumu aliyokata kwenye kandambili kuukuu, kama yale ya magari ya waya wanayosukuma mtaani. Yakashika sakafu barabara! Wakubwa walitaka kuyakataa kwa kuwa hayakuwa duara la kiwandani. Binti mmoja wa Kidato cha Tatu akasema tuyapime kwanza. Watoto wakazungushia uzi kwenye gurudumu, wakaunyoosha kwenye rula: sentimita 22. Wakapima kukatisha katikati: sentimita 7. Akawauliza, gari likitakiwa kwenda sentimita 220, gurudumu lizunguke mara ngapi? Mikono kumi na miwili juu. Nilikaa pale nyuma nikifikiria 22/7 nilivyoikariri mimi nikiwa na umri wao, bila kujua imetoka wapi.

Sasa kuhusu hilo sharti. Jumamosi ya pili ya kushika vifaa, kijana wangu mmoja, hodari sana, alimwona mtoto anahangaika na skrubu. Akamwomba bisibisi, akakaza. Kisha akaunganisha waya mmoja, na mwingine, na baada ya robo saa roboti yote alikuwa ameimaliza yeye. Ilikimbia vizuri, watoto wakapiga makofi. Jumamosi iliyofuata mtoto yule yule akamuuliza: "Kaka, leo utatutengenezea nini?"

Kijana aliumia. Tukakaa wote saba chini ya mwembe baada ya kipindi, na sharti wakalitunga wao wenyewe, si mimi: anayefundisha anaweka mikono nyuma ya mgongo. Aongee, aulize, achore ubaoni, atengeneze ya kwake pembeni ikibidi. Cha mtoto asikiguse, isipokuwa kuna waya unafuka moshi au betri imepata moto. Tangu hapo kazi inakwenda polepole mno. Roboti ya kwanza baada ya sharti ilichukua Jumamosi tano. Lakini mtoto yeyote kati ya wale wanne wa kundi lake anaweza kuibomoa na kuirudisha.

Naendelea chini.

MwalimuFizikia:

Kuna jambo sikulitarajia kabisa, nalo ni lugha.

Hawa wangu wanasoma fizikia kwa Kiingereza. Darasa la Tano kule wanasoma kwa Kiswahili. Siku ya kwanza msichana ambaye huwa anapata alama za juu darasani kwangu alisimama mbele ya watoto aeleze volteji. Akaanza kwa Kiingereza, akaona macho yamemtazama tu, akageukia Kiswahili, akakwama. Fasili aliijua neno kwa neno. Alichokosa ni kitu chenyewe. Aliniambia baadaye kwa sauti ya chini: "Mwalimu, kumbe nilikuwa sijui."

Wiki nzima alihangaika nalo. Jumamosi akaja na ndoo mbili za maji na mpira wa kumwagilia. Ndoo moja juu ya meza, nyingine juu ya kiti. Akawaonyesha maji ya ndoo ya juu yanavyotoka kwa nguvu zaidi. Akasema, kimo cha ndoo ndiyo volteji, maji yanayopita kwenye mpira ndiyo mkondo. Akaubana mpira kwa vidole: huu ndio ukinzani. Mtoto mmoja akauliza, "Dada, na betri ikiisha ni kama ndoo imeisha maji?" Akajibu kwamba ni karibu hivyo, kisha wakajadiliana dakika kumi kwa nini si hivyo hasa.

Angalieni hilo neno dada. Mimi wananiita mwalimu, wananiamkia, wanasimama nikiingia. Nikiuliza kama wameelewa, wote wanaitikia ndiyo. Kwa dada na kaka zao mtoto anasema bila woga, "Hapo sijaelewa, rudia." Hicho mimi siwezi kukipata hata nifanyeje.

Na tuna kitu kingine tunachokithamini: kusema sijui. Mwendo wa mota kwenye Arduino unauandika kwa namba, 0 mota imesimama, 255 inakwenda kasi yote. Mtoto akauliza kwa nini ukomo ni 255 na siyo 300. Wakubwa wakatazamana, hakuna aliyejua. Nilikuwa najua, nikauma ulimi. Mmoja akasema, "Sijui, nitakuletea jibu Jumamosi." Alirudi nalo: namba ile inahifadhiwa kwa biti 8, kila biti ni 0 au 1, ukizidisha 2 nane kwa pamoja (2×2×2×2×2×2×2×2) unapata hali 256, na kwa kuwa tunaanza kuhesabu kwenye 0 tunaishia 255. Watoto wakataka kuthibitisha kwa vidole vinane. Wanaotaka kujua kama inawezekana, inawezekana, kidole kikiwa juu ni 1 na kikiwa chini ni 0.

MamaWawili:

Mwalimu shikamoo, na hongera. Nina binti Kidato cha Tatu kwa hiyo naomba niulize kama mzazi. Hiyo Jumamosi haimli muda wa masomo? Halafu usalama, maana siku hizi hatuamini kila mtu na watoto.

MwalimuFizikia:

Marahaba mama. Ni saa mbili kwa wiki, na maandalizi labda saa moja nyingine. Mwanafunzi anayeshuka darasani tunampumzisha muhula huo, na wao wanajua. Mpaka sasa nimempumzisha mmoja, akarudi.

Usalama: wazazi wa pande zote wamesaini barua, walimu wawili wapo muda wote, mlango na madirisha wazi, hakuna mwanafunzi mkubwa anayebaki peke yake na mtoto, na hakuna kubadilishana namba za simu. Kazi inaishia mle darasani.

MkaziGairo:

Mimi niseme ukweli, mkuu, usinichukie. Shuleni kwetu watoto wanakaa watatu dawati moja. Roboti ni za shule za wenye pesa. Tungeanza na madawati.

MwalimuFizikia:

Siwezi kukuchukia mkuu, hata kule ng'ambo ya barabara madawati hayatoshi. Jumamosi wanafanyia kazi chini sakafuni, ndiyo maana tulianza kugombana na vumbi. Madawati yadaiwe, na mimi nayadai kwenye kila kikao. Ila mtoto wa Darasa la Tano mwakani ni wa Darasa la Sita, hangoji mimi nipate dawati.

Na Jumamosi nne za kwanza hatukutumia hata waya mmoja. Mtoto mmoja anakuwa roboti, anafungwa kitambaa machoni, wenzake wanamwongoza kwa maneno. Wakisema "nenda mlangoni" anasimama palepale, kwa sababu roboti haijui mlango ni nini. Lazima waseme mbele hatua 3, geuka kulia, mbele hatua 2. Wakikosea anagonga ukuta (taratibu, mkubwa yuko pembeni). Seymour Papert, mzaliwa wa Pretoria, ndiye mmoja wa waliobuni lugha ya kompyuta ya Logo mwaka 1967, ambayo baadaye watoto waliitumia kuendesha kasa wa kompyuta, na alisisitiza mtoto atembee yeye kwanza ndipo amwamuru kasa. Hilo halihitaji shilingi. Baadaye tuliingia kwenye Scratch, lugha ya watoto ya kuandikia programu, ambayo ni ya bure, inafanya kazi bila intaneti ukishaiweka, na ina Kiswahili. Laptopu tatu kwa watoto kumi na wawili.

PwaniYetu:

Assalaam aleykum. Mwalimu, unayoyasema mimi nimeyakulia chuoni, yaani madrasa, Tanga. Pale kwa maalim tulikuwa watoto hamsini na zaidi, maalim mmoja. Aliyefika juzuu za mbele anamshika wa alifu na bee. Aliyenisomesha herufi alikuwa jirani yangu, amenizidi miaka minne. Na maalim alikuwa na lake: mkubwa hakukusomea. Anakusikiliza, ukikosea anagonga ubao kidogo, unarudi nyuma mwenyewe utafute. Akikusomea, anaitwa yeye mbele.

Wazee wanasema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta, yaani asipofua chuma hupuliza moto kwa mivukuto. Hao wa Darasa la Tano waanze hata kwa kuvukuta.

MwalimuFizikia:

Waaleykum salaam. Hiyo ya kugonga ubao naichukua. Jumamosi hii nitawaambia wakubwa wajaribu: mtoto akiunganisha vibaya, gonga meza mara moja, usiseme wapi.

Mswahili_Michigan:

Nimeusoma uzi wote nikiwa kazini. Niko huku Michigan miaka mingi, na jimbo hili ndilo lenye timu nyingi kuliko yote Marekani kwenye mashindano ya roboti ya sekondari ya FIRST. Binti yangu yuko kwenye timu mojawapo. Niwaeleze wanavyofanya, maana kuna mahali panafanana na kwa mwalimu na mahali pametofautiana sana.

FIRST ni shirika linaloandaa mashindano hayo, lilianzishwa na mvumbuzi Dean Kamen mwaka 1989. Shindano la kwanza lilikuwa 1992 kwenye ukumbi wa michezo wa shule huko New Hampshire, timu 28. Roboti za sekondari ni kubwa, zinapita kilo 50, zinacheza tatu dhidi ya tatu. Wadogo wana lao, FIRST LEGO League, lililoanza 1998. Roboti ya LEGO inacheza juu ya meza kwa dakika 2 na nusu, na inajiendesha yenyewe kwa programu.

Tuzo yao kubwa kuliko zote kwa wakubwa haiendi kwa roboti iliyoshinda. Inaitwa Impact Award, kabla ya msimu wa 2023 ilikuwa Chairman's Award, na majaji wanauliza timu imefanya nini kwa wengine. Kwa hiyo timu za sekondari zinakwenda shule za msingi za jirani, zinaanzisha timu za wadogo, zinawalea. Binti yangu ana watoto wake saba, kila Jumatano. Mwanzoni, niseme wazi, alikwenda kwa ajili ya tuzo. Sasa msimu ukiisha anawaulizia kwa majina.

Sharti lako la mikono nyuma huku liko ndani ya mchezo wenyewe. Mtoto akiigusa roboti ikiwa nje ya eneo lake la kuanzia, timu inaweza kupoteza alama. Lakini shida kubwa ni watu wazima. Wazazi wahandisi wanakaa usiku wanaunda mkono wa roboti wa mtoto. Kisha jaji anamuuliza mtoto, "Kwa nini mkono huu mmeuweka hapa?" na mtoto anageuka kumtazama baba. Nimeliona kwa macho yangu zaidi ya mara moja, na linaniuma kila mara.

Kuna profesa wa MIT, marehemu Woodie Flowers, aliyefariki 2019, ndiye aliyewapandikizia wazo la kushindana kwa adabu: unapigana uwanjani kwa nguvu zako zote, lakini mpinzani akikosa betri unamwazima ya kwako. Watoto wanalichukulia kwa uzito kweli.

Mwalimu, kuna mtu huku ana seti mbili za LEGO EV3 zilizotumika. Nikizipata nizitume?

MwalimuFizikia:

Mkuu nimesoma post yako mara mbili, na ya pili niliwasomea wanafunzi. Hiyo ya mtoto kugeuka kumtazama baba iliwanyamazisha.

Seti nitazipokea kwa mikono miwili. Nasema pia wazi hatutazifanya msingi wa kazi. LEGO ilisitisha Mindstorms, ukoo wa hizo EV3, mwishoni mwa 2022, kihisi kikifa nitakitoa wapi? Mota ya njano ikifa naipata Kariakoo. Tutazitumia kwa wanaoanza, wapate raha ya kuona kitu kinakwenda siku ya kwanza, kisha warudi kwenye kandambili.

NakuruMum:

Salamu kutoka Kenya. Sisi hapa Junior School, yaani Grade 7 hadi 9, iko ndani ya shule za msingi, kwa hivyo wakubwa na wadogo wako boma moja. Na tangu 2022 serikali iliidhinisha mtaala wa kuandika programu za kompyuta kwa shule za msingi na sekondari. Kitu tunakosa ni mtu wa kuketi na watoto. Nitampelekea mwalimu mkuu uzi huu. Swali: mlianza na watoto wangapi kwa mkubwa mmoja?

MwalimuFizikia:

Karibu sana mama. Wawili wawili kwa kila mkubwa, na kundi la roboti moja lina watoto wanne na wakubwa wawili. Tulijaribu sita kwa mmoja, wasichana wakarudi nyuma wakawa watazamaji. Kwa wanne kuna zamu: mshika bisibisi, msoma mchoro, mwandika programu, mpimaji. Kila baada ya nusu saa wanabadilishana, hata kama kazi iko katikati. Mwanzoni wavulana walilalamika sana kuachia bisibisi.

FundiRedio:

Mwalimu, mnatumia betri gani? Maana moduli ya L298N naifahamu.

MwalimuFizikia:

Tulianza na ile ya pembe nne ya volti 9. Ilikuwa inakufa ndani ya dakika chache, nikadhani Kariakoo wameniuzia feki.

FundiRedio:

Hawakukuuzia feki. Ile ya volti 9 ni ya redio ndogo na vitambuzi vya moshi, haiwezi kutoa mkondo wa mota mbili. Na moduli hiyo yenyewe inakula karibu volti 2 kabla umeme haujafika kwenye mota. Weka betri sita ndogo za AA mfululizo, utapata volti 9 zenye nguvu, na baada ya moduli kula zake mota zitabaki na za kutosha. Chonde chonde, mtu asikushauri kuchomoa betri za laptopu mbovu uwape watoto. Zile zikigusana nyaya zinawaka moto, siyo utani. Nimeungua mkono mwaka mmoja nikiwa fundi mzima.

Halafu waya wa mota usiuchomeke kamwe moja kwa moja kwenye pini ya Arduino. Pini ile ni ya kuwasha taa ndogo, mota itaiua.

MwalimuFizikia:

Asante sana mkuu. Pini mbili zilishakufa hivyo hivyo, na watoto wanazikumbuka zilipo, wamezipaka rangi nyekundu.

Niwape na hii ya wiki iliyopita kabla sijalala, maana ndiyo iliyonifanya niandike.

Tulitandika manila nyeupe sakafuni, tukabandika tepu nyeusi ya umeme iwe njia. Saa 3 roboti zote tatu zinafuata mstari vizuri. Ilipofika kama saa 4 na nusu zikaanza kupotea, moja baada ya nyingine. Wakubwa wakaenda mbio kwenye laptopu, wakabadilisha programu, wakairudisha, wakaibadilisha tena. Nusu saa nzima. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeamini ni betri.

Mtoto mmoja wa kike, mdogo kuliko wote, ambaye huwa haongei, alikuwa amechuchumaa kwenye kona ya manila. Akasema, "Dada, inapotea hapa tu. Penye jua." Tukatazama. Jua lilikuwa limeingia dirishani na kulalia kona ile. Akachukua daftari lake, akakinga jua, roboti ikapita bila kuyumba. Akatoa daftari, ikapotea. Akafanya hivyo mara nne mfululizo, hakuna aliyemwambia kwamba hilo ndilo jaribio.

Kihisi kinatuma mwanga wa infraredi ambao macho yetu hayauoni. Ukirudi mwingi kinajua ni nyeupe, usiporudi kinajua ni nyeusi. Jua nalo lina infraredi nyingi, kwa hiyo hata juu ya tepu kihisi kilikuwa kinamwagiwa mwanga na kudhani ni nyeupe. Wakubwa wakachukua rimoti ya runinga na simu yangu, wakawaonyesha watoto: macho hayaoni kitu mbele ya rimoti, lakini kamera inaona taa inawaka.

Kijana yule hodari wa bisibisi alisimama pale, mikono bado iko nyuma, akamuuliza yule mtoto: "Sasa tufanye nini?" Mtoto akasema tuivalishe kofia. Ndiyo kazi ya Jumamosi hii, kofia za boksi za kukinga vihisi.

FundiRedio:

Mwalimu mimi niko Kihonda, hapa hapa Morogoro. Naweza kuja kuwaonyesha wakubwa kuchomea nyaya kwa risasi? Hizo za kusokota zitawasumbua kila siku.

MwalimuFizikia:

Mkuu, karibu sana. Wakubwa saa 2 na nusu, kabla watoto hawajafika, ili pasi ya kuchomea iwe imepoa na imefungiwa kabatini. Njoo na kitambulisho utasaini kwa mwalimu mkuu. Na kama una mita ya kupimia umeme njoo nayo, ya kwetu haisomi tena.

FundiRedio:

Ninazo mbili. Moja nitawaachia.